Pecan Amelipita Pipa la Kwanza

"Mvute! Verna, mvute farasi!"

Nimvute na nini? Pecan alishalipita pipa la kwanza kana kwamba halipo, na mbele yetu ilibaki fensi ya chuma tu. Nilivuta hatamu mpaka mabega yakalia. Akageuka tumeshafika, goti langu likasuguana na bomba la fensi, na kofia ikaruka.

Farasi wa mbio za kuzunguka mapipa matatu ana kazi yake. Akimbie kama anafukuzwa, halafu akikaribia pipa ajizuie mwenyewe, akalie miguu ya nyuma, azunguke. Pecan nilimfundisha mimi mwenyewe tangu akiwa mtoto. Hajawahi kunipitishia pipa.

Nilishuka nachechemea. Dwight, mume wangu, alikuwa ameshafika.

"Umeumia?"

"Umemfanya nini farasi wangu?"

"Mimi? Labda ni upepo huu."

"Upepo! Upepo umevuma Oklahoma hii tangu sijazaliwa, Dwight."

Akaokota kofia yangu, akaanza kuipangusa vumbi pasipo na vumbi. Ndipo nikakumbuka. Kila shindano, Dwight ndiye anayemshika Pecan kwenye kichochoro cha kuingilia uwanjani. Kabla hajamwachia huniambia, "Rudi na kofia yako." Nami humjibu, "Niwekee chai." Miaka yote ya ndoa yetu, hatujawahi kuruka maneno hayo. Leo Pecan alikuwa anachemka pale kichochoroni, anapiga kwato, na Dwight alimwachia bila maneno hayo, huku anatazama pembeni.

Tukaondoka kurudi shambani. Dwight aliposhuka kujaza dizeli, simu yake ikalia kitini. Nikasoma.

"Jumamosi njoo mapema. Mkeo bado hajajua, eti? Rosalba."

Ningekuwa kijana ningeitupa simu dirishani. Niliirudisha kitini, nikafunga macho. Nilichoka, jamani. Goti linauma, nyonga niliyovunja mwaka juzi inauma, na sasa hili.

Tulipofika shambani nilimngoja amshushe Pecan kwenye trela.

"Rosalba ni nani?"

Akasimama na kamba mkononi.

"Verna, siyo unavyofikiri."

"Nafikiri nini? Nisaidie, maana mimi hata kufikiri nimechoka."

Hakupata nafasi ya kujibu. Upepo ulilipiga lile geti la chuma tunalobania ng'ombe wakati wa chanjo. Kwang'! Pecan akachomoka. Alimburuza Dwight kwenye changarawe mpaka kamba ikamtoka, akaenda moja kwa moja hadi mwisho wa malisho.

Nilisimama pale nikiwa nimeelewa kila kitu. Farasi aliyeshtuka huruka pembeni. Huyu alinyoosha shingo akakimbia mbele, na farasi hukimbia hivyo akifundishwa kwamba geti la chuma likilia, mbio zimeanza.

"Umempeleka kwenye mbio za kunyooka," nikasema.

Dwight alikuwa bado chini. "Rosalba ndiye anayempanda."

Masika tuligombana juu ya jambo hilohilo. Yeye alitaka tumwingize Pecan kwenye mbio fupi, zile za kufyatuka getini na kukimbia mpaka mstari. Nilikataa. Akasema wapo farasi wanaoweza vyote viwili. Nikamwambia wapo, lakini Pecan ana moto. Akizoea kukimbia bila kuambiwa subiri, siku nitakayomwambia subiri hatanisikia. Akasema sawa, yameisha. Kumbe Jumamosi nikiwa mjini, zile anazodai anapeleka trela kwa fundi, alikuwa anampakia farasi wangu.

"Afadhali Rosalba angekuwa mwanamke wako," nikamwambia. "Haki ya Mungu tena. Mwanamke ningemtukana, nikaenda kulala."

"Verna, Pecan anakimbia vizuri mno."

"Nani kakuuliza?"

"Nilitaka akishinda nikuonyeshe. Nilitaka ukae jukwaani pembeni yangu, mtu mwingine ampande. Nyonga umevunja, bega umevunja. Daktari amekuambia ukianguka tena huenda usitembee. Na anayekuachia pale kichochoroni ni mimi! Kwa mikono yangu hii!"

"Kwa hiyo ukamfundisha farasi asisimame, halafu leo ukanipandisha juu yake."

Akainamisha kichwa. "Nilidhani atajua kutofautisha. Nilipoona anavyochemka nilitaka kusema. Mdomo ukawa mzito."

Akalia, mtu mzima, amekaa kwenye changarawe. Mimi sikumshika mkono. Nilimfuata farasi wangu.

Nililala kwenye trela. Asubuhi nikampigia Rosalba.

"Dada, aliniambia anakuandalia jambo la kukushangaza," akasema.

"Amenishangaza. Pecan haji tena."

Jioni nikamkuta Dwight jikoni na kahawa iliyopoa.

"Vaa kofia. Utampanda wewe."

"Mimi? Na kitambi hiki?"

"Umzungushe mapipa taratibu, kila jioni, mpaka akumbuke kusubiri. Mimi nitakaa kwenye fensi."

Tukatoka hadi kwenye uwanja wetu wa mazoezi wenye mapipa. Nilimshika Pecan mpaka Dwight akapanda, nikamwachia. Akaenda amekumbatia pembe ya tandiko, anamsemesha farasi kwa sauti ya kuomba. Pipa la kwanza wakalizunguka. Na la pili. Nilikuwa nimeanza kunywa kahawa yangu wakati kundi la ndege aina ya kware lilipofumuka majanini.

Pecan akaruka. Dwight akalala shingoni, mguu mmoja hewani.

Sijui kikombe nilikitupa wapi. Nilijikuta ndani ya uwanja, na goti langu lile, ninapiga kelele jina lake. Dwight akajivuta, akakaa sawa.

"Niko salama!"

"Shuka."

"Limebaki pipa moja tu."

"Dwight, shuka, nakuomba!"

Akamsimamisha Pecan mbele yangu. Alikuwa anatweta. Hakunicheka.

"Ndivyo ninavyokuwa mimi kila unaposhindana," akasema.

Nilikaa chini palepale. Nilikuwa nimechoshwa na Dwight kiasi kwamba sikuwahi kujiuliza yeye anachoshwa na nini.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nilikuambia, mke wangu. Mara ngapi? Ulikuwa unafunga tandiko."

Niliinuka, nikashika hatamu, nikamsugua Pecan paji la uso.

"Mbio za kunyooka zimekwisha."

"Zimekwisha. Sitampeleka tena."

"Na mimi sipandi mpaka daktari aseme. Akisema nimefika mwisho, nimefika."

"Kweli?"

"Usinifanye nirudie, Dwight. Sasa nenda kwenye lile la tatu. Tukiishia hapa atabaki na woga."

"Utaweza kutazama?"

"Sijui."

Nikampeleka Pecan hatua chache, vidole vimegoma kuachia hatamu. Ilibidi nivilazimishe.

"Dwight."

"Naam?"

"Rudi na kofia yako."

Akaivuta kofia ikakaa sawa.

"Niwekee chai," akasema.

Nilirudi kwenye fensi, nikaishika kwa mikono miwili. Pecan alilikaribia pipa, akapunguza mwendo, akasubiri aambiwe.