Supu ya Mwani Siku ya Mtihani

Alhamisi, tarehe kumi na saba Novemba. Tangu alfajiri upepo mkavu ulivuma kutoka baharini ukakata watu masikio mji mzima wa Busan, na mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu. Baridi ya mtihani, ndivyo watu wanavyoiita. Hata Novemba ikiwa na joto, siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu baridi hurudi.

Sokoni, katika kibanda cha vitoweo cha mama yake, Narae alikuwa akikoroga supu ya mwani.

Hakuna mzazi anayempa mtoto mwani siku ya mtihani. Mwani unateleza, na anayeula huteleza nao, akafeli. Narae alilijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana aliupika.

Shangazi Im, mpishi wa nyumbani kwa akina Dojin, alifika akihema, chupa tupu ya supu mkononi.

"Supu ya nyama na figili, kama nilivyoagiza jana. Na Mama Dojin asijue imetoka hapa, atanifukuza. Lakini nifanyeje? Kijana ana mtihani leo, na hali cha mwingine."

"Hatajua, shangazi."

"Mbona unacheka peke yako? Umechumbiwa?"

"Baridi tu. Meno yanatoka yenyewe."

Narae alijaza chupa kwa supu ya mwani, akakaza kifuniko mpaka vidole vikamuuma. "Teleza," alinong'ona shangazi alipokwenda. "Teleza kama siku ile."

Siku ile ilikuwa Aprili. Dojin, mwana wa daktari wa ghorofa za ufukweni, alikatiza sokoni na koti la shule lenye vifungo vya dhahabu, akakanyaga maji ya muuza samaki, akaenda chali mbele ya kibanda. Soko zima likaangua kicheko.

"Pole, bwana wa ghorofani," Narae alimwambia, glavu nyekundu za mpira zikimfika viwikoni. "Huku kwetu hatutandiki zulia."

"Ningejua ni hapa ninapoangukia, ningeanguka mapema."

"Suruali itanuka samaki."

"Na wewe unanuka nini?"

"Kitunguu saumu."

"Basi nimepata mboga na kiungo chake."

Kesho yake alirudi. Na kesho kutwa. Usiku alipiga simu. "Umelala?" "Nimelala, mpenzi, unaongea na ndoto yangu." Wote wawili walikuwa na miaka kumi na minane, na kila mmoja alidhani ndiye aliyeyagundua mapenzi.

Julai mama yake Dojin akajua. Alikuja sokoni saa ya watu wengi, gauni jeupe la kitani, mkoba mdogo mkononi, akabinua sinia la kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, likamwagika miguuni pa Mama Narae.

"Mwanangu anaandaliwa udaktari, si kubeba harufu hii! Mwambie binti yako atafute wa kumfaa!"

Mama Narae aliinama akaokota kimchi, jani baada ya jani. Dojin alisimama nyuma ya mama yake. Narae alimtazama. Sema neno. Neno moja tu. Dojin alitazama viatu vyake.

Simu haikuita tena. Matusi ya Mama Dojin, Narae aliweza kuyameza, maana alikuwa mgeni kwake. Lakini ule ukimya alilala nao, akaamka nao, hadi Novemba.

Asubuhi hiyo ya mtihani, Mama Narae aliporudi kutoka ibada ya alfajiri, alivua kitambaa na kupasha mikono moto jikoni.

"Nimewaombea watahiniwa wote."

"Na Dojin?"

"Yeye nimemtaja kwa jina."

"Mama! Mtu aliyekuacha uokote chini?"

"Mungu aliniona nikiokota. Kisasi ni chake, mwanangu. Usimwibie."

Narae aligeuka akaosha sufuria haraka.

Jioni, nje ya lango la mtihani, Mama Narae na wenzake wa kanisani, wote wanawake wa sokoni, waligawa chai ya shayiri. Narae alifuatana nao. Alitaka kuuona uso wa Dojin.

Lango lilifunguliwa. Simu ya Narae ikaita. Jina ambalo hakuwahi kulifuta.

"Uko wapi?"

"Kwenye birika la chai."

Dojin alimpita mama yake kama mtu asiyemwona, chupa ya supu kifuani, macho mekundu.

"Ulikumbuka," alisema.

"Nilikumbuka nini?"

"Leo, kwa hesabu ya mwezi mwandamo, ndiyo siku niliyozaliwa. Nyumbani wanafuata tarehe ya kitambulisho. Marehemu bibi tu ndiye aliyekuwa akinipikia supu ya mwani, supu ya kuzaliwa, siku hii. Nilikuambia mara moja, Mei. Leo nimefungua chupa nikalia mbele ya darasa zima. Nimeimaliza. Nimeandika mtihani wa mchana kama mtu aliyebarikiwa."

Narae aliitazama ile chupa tupu. Angeweza kunyamaza, akapokea shukrani. Lakini ukimya ndio uliomuumiza.

"Sikukumbuka," alisema. "Nilitaka uteleze."

Mama Dojin alikuwa amewafikia. "Mwani? Siku ya mtihani? Binti huyu ana roho ya chui!"

"Mama, basi." Dojin hakugeuka. "Narae, nilistahili. Nisamehe."

"Usininong'oneze. Matusi yalitoka kwa sauti, na majibu yatoke kwa sauti. Waliosikia ndio hawa."

"Tupo!" alidakia muuza samaki, birika juu. "Asiposema namwaga maji, ateleze tena!"

Watu wakacheka. Dojin akapiga magoti kwenye lami ya baridi mbele ya Mama Narae, akainama hadi paji la uso likagusa chini.

"Inuka!" mama yake alifoka. "Watu wanatazama!"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana nimepiga magoti hapa."

Akainua kichwa, akapaza sauti mpaka waliokuwa ng'ambo ya barabara wakageuka:

"Mama Narae, siku ile uliokota peke yako, nami nikanyamaza. Kesho, saa ya watu wengi, nitakuja kibandani nivae glavu nyekundu. Na yeyote atakayeniuliza nafanya nini pale, hata akiwa mama yangu mzazi, nitamjibu kwa sauti hii hii: nampenda Narae, na sitanyamaza tena."