Kiwiko cha Chiriku

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akanywa maji, akachukua fimbo ya gofu iliyoegemezwa nyuma ya mlango, kisha akaenda uani kupiga mpira. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu ya mdomo wake. Nyumbani walisema mtoto huyu hata usingizini husoma taarifa ya habari.

Baba yake alikuwa mkata nyasi wa uwanja wa gofu, na watoto wa wafanyakazi waliruhusiwa kujifunza mchezo huo kila Jumamosi. Mashindano ya watoto yalipokaribia, Chiriku aliona Jumamosi peke yake haimtoshi. Kocha alikuwa amewaambia wapige mipira michache tu, tena kwenye nyasi laini, halafu wapumzike. Lakini Chiriku alijiambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akawa anapiga uani, kwenye udongo mgumu kama sakafu, mpaka giza liingie. Fimbo yenyewe ilikuwa ya mtu mzima, ndefu na nzito, na raba ya mpini wake ilikuwa imelika hadi inateleza. Ili isimponyoke, aliishika kwa nguvu zake zote.

"Hiyo fimbo unavyoikaba, utadhani imekuibia!" Mama alimtania.

Maumivu yalianza kidogo kidogo, upande wa ndani wa kiwiko cha mkono wa kulia. Mwanzoni yalikuja akipiga mpira tu. Baadaye yakaja hata akikamua nguo au akifungua chupa. Chiriku alikasirika, lakini hakuogopa. Woga aliletewa na Profesa.

Profesa alikuwa mwanafunzi mwenzake, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna swali lililowahi kumshinda. Asipojua jibu, alilitunga.

"Unaumwa kiwiko?" alimuuliza wakati wa mapumziko, huku akitikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana. Unamjua mlinzi wa geti la uwanja wa gofu?"

Chiriku alimjua. Mlinzi yule alikuwa na mkono mmoja, na upande wa pili mkono wa shati lake ulikunjwa na kubanwa kwa pini.

"Basi ilimwanza hivyo hivyo," Profesa alisema. "Kwanza kiwiko kinauma. Halafu vidole vinakufa ganzi. Halafu wanakata. Ukishaona ganzi, ndiyo basi tena."

"Acha uongo wako!"

"Haya, mimi simo. Usije ukasema sikukuambia."

Tangu siku hiyo Chiriku hakuwa na raha. Alipopita getini aligeuza uso asiione ile pini. Alitaka kumwambia Mama, lakini kila alipofungua mdomo aliona hospitali, akaona kisu, akaufunga. Wasipojua hawatanipeleka, aliwaza.

Akaamua kujitibu mwenyewe. Kwa fundi baiskeli aliokota kipande kirefu cha tyubu kuukuu, akakizungushia mkono juu ya kiwiko na kukikaza kwa meno, ili ugonjwa usipande. Juu yake alivaa sweta, hata jua lilipowaka. Kesho yake, akiwa darasani, aliona kidole chake cha mwisho hakisikii. Alikibonyeza kwa ncha ya kalamu. Hakikuhisi kitu. Kidole cha jirani yake nacho kilikuwa baridi, kama si chake.

Ganzi imefika! Kumbe Profesa alisema kweli. Mwalimu alikuwa anafundisha sehemu katika hesabu, na wakati huohuo alichora duara ubaoni, akalikata vipande. Chiriku aliomba ruhusa, akaenda kulia chooni. Kabla ya kurudi aliikaza tyubu zaidi. Kadiri alivyoikaza ndivyo ganzi ilivyozidi, na kadiri ganzi ilivyozidi ndivyo alivyoikaza.

"Leo redio yetu imeishiwa betri?" Baba aliuliza walipokuwa wakila. Chiriku alijilazimisha kutabasamu. Mama hakucheka. Alimtazama binti yake, akataka kusema neno, lakini mtoto mdogo akaanza kulia na maneno yakaishia hapo.

Jioni iliyofuata Mama alikuwa jikoni, sufuria inafurika motoni. "Chiriku, hebu mshike mdogo wako upesi!"

Mdogo wake aliitwa Bonge, na hakuitwa hivyo bure. Chiriku alimpokea kwa mikono miwili. Bonge, ambaye hajui kutulia, akajirusha nyuma kwa furaha. Chiriku akataka kumbana kwa mkono wa kulia. Mkono haukubana. Alimwona mtoto anateleza, kichwa kikielekea sakafu ya saruji, na hakuwa na la kufanya ila kupiga kelele.

"Mamaa!"

Mama alitupa mwiko, akaruka, akamdaka Bonge mguu mmoja huku kichwa kimebakiza kidogo tu kugonga sakafu. Bonge alicheka, akidhani ni mchezo. Chakula kikaungua nyuma yao bila mtu kugeuka.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Mkono wangu umekufa, Mama! Nilijua mtaukata ndiyo maana sikusema. Ningemuua Bonge!" Akaangua kilio.

Mama alimvuta, akapandisha sweta. Alipoiona ile tyubu imezama kwenye nyama, alishika kichwa. "Ole wangu! Nani amekufunga hivi?"

"Mimi mwenyewe. Ili ugonjwa usipande."

Mama hakugomba. Aliifungua taratibu, mzunguko baada ya mzunguko. Baada ya muda vidole vilianza kuchomachoma, kisha vikapata joto. Chiriku alivitazama, haamini.

"Navisikia, Mama. Navisikia!"

Baba aliporudi kutoka kazini na kusimuliwa yote, pamoja na maneno ya Profesa, alikaa chini polepole. "Yule mlinzi? Mkono wake uliliwa na mashine ya kupasua mbao, kabla hujazaliwa. Mwanangu, mficha maradhi..."

"Usiimalizie methali hiyo!" Mama alimkatiza. "Mtoto ameogopa vya kutosha."

Asubuhi Mama alimpeleka zahanati, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Chiriku alimfuata Mama kwa shingo upande, macho yake yakitafuta kisu kila pembe. Chumbani kulikuwa na kitanda, mipira ya rangi na mama mmoja mfupi mwenye sauti ya upole. Alimbonyeza kiwiko upande wa ndani.

"Hapa?"

"Aaii! Hapo hapo."

"Misuli ya kukunja vidole imejishikiza kwenye kifundo hiki cha mfupa," alieleza. "Ukiikaba fimbo kwa nguvu na kugonga udongo mgumu, kila pigo linavuta hapa. Na wewe mifupa yako bado inakua, kwa hiyo hapa bado ni laini. Panataka kupumzishwa. Ile ganzi ilitokana na tyubu yako. Usirudie tena, ungejiumiza vibaya."

"Kwa hiyo hamtaukata?" Chiriku aliuliza.

"Tunakata gofu ya uani. Mkono tunauacha."

Chiriku alicheka na kulia kwa pamoja.

Aliambiwa aache kupiga mpira mpaka maumivu yaishe. Mama alimwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika chache chache, kamwe si juu ya ngozi tupu. Maumivu yalipopungua, alianza kunyoosha mkono mbele, kiganja kikiangalia juu, na kuvuta vidole kuelekea chini taratibu kwa mkono wa pili. Baadaye akawa anaminya mpira laini. Mashindano yalimpita. Alikaa pembeni akiwapigia wenzake makofi, lakini mkono wake alikuwa nao.

Aliporuhusiwa kucheza, kocha alimpa fimbo fupi ya watoto yenye raba mpya. "Pasha mwili moto kwanza," alisema. "Na ishike kama kifaranga: asikuponyoke, wala asife."

Siku ya kwenda kuangaliwa mara ya mwisho, Baba ndiye aliyemsindikiza. Mtaalamu alimwomba Chiriku aoneshe mazoezi yake, naye akaona raha kuwa mwalimu.

"Na wewe fanya, Baba! Nyoosha mkono. Sasa vuta vidole."

Baba alivuta, akakunja uso, akaushusha mkono haraka.

"Vipi, baba?" mtaalamu aliuliza.

"Hakuna kitu. Niko sawa."

Chiriku aliijua sauti hiyo. Ilikuwa kama yake mwenyewe. Alinyoosha kidole, akambonyeza Baba kiwiko upande wa ndani. Baba aliruka.

"Tangu mvua zilizopita," Baba alisema mwishowe, akitazama sakafu. "Ile mashine ya nyasi inatikisa sana. Niliogopa wakijua wataniondoa, waweke mwingine. Hata mama yako hajui."

Chiriku alimtazama. Hakuwahi kufikiri kwamba Baba naye huogopa.

"Mwanangu," Baba aliendelea, "nilishangaa ulijifunza wapi kuficha maumivu. Kumbe ulijifunza kwangu. Kuogopa si kosa, kila mtu huogopa. Lakini ukiogopa peke yako, woga unakua na maradhi yanakua. Mwambie mtu mapema. Na mimi leo nitamwambia mama yako."

"Umesema vyema, baba," mtaalamu alisema. "Sasa kaa hapa kitandani, upandishe shati. Kuna dawa ya hilo, na kuna namna ya kuishika mashine."

Baba alikaa ukingoni mwa kitanda. Mikono ile iliyosukuma mashine kutwa nzima aliilaza mapajani.

"Itauma?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Chiriku alimshika mkono wa pili. "Akifika panapouma, Baba, useme."