Vidonge vya Nalongo

Waliosimulia habari hii kule Alby, kitongoji cha Stockholm, waliitia chumvi pasipohitaji, na penye kitisho wakaparuka. Ipokee kwangu ikiwa nzima.

Cissy wa Husby alijifungua mtoto wa kiume, Isak, na maziwa yakagoma. Hata tone. Mtoto naye akakataa maziwa ya dukani, anageuza uso kama mzee aliyeletewa chai ya jana. Kila akipimwa kliniki, uzito umeshuka. Nesi akaanza kutaja kulazwa. Na Cissy, mwanamke aliyezoea kuwanyanyua wazee wa watu vitandani kule kazini kwake, sasa alishindwa kuvusha kigari cha mtoto kizingitini.

Kondo la nyuma lilikuwa kwenye friza ya Cissy. Aliyelidai hospitali ni Senga Barbara, shangazi wa mumewe, kwa sababu kwao Buganda kondo ni pacha wa mtoto, na pacha huyo huzikwa chini ya mgomba. Stockholm mgomba utautoa wapi? Senga alinunua wa kupandwa chunguni, mfupi, majani matatu yaliyochoka, akauweka sebuleni kwake Alby kungoja theluji iishe. Lakini kulipa kondo jina hakungoja. Pale pale wodini aliliinamia bakuli lenye kondo akanong'ona, "Kato." Ndilo jina la pacha wa kiume anayekuja nyuma.

Basi Cissy akasikia habari za Nora, Mswidi wa Spånga, anayekausha kondo, analisaga na kulijaza kwenye vidonge. Mzazi anameza la kwake mwenyewe, nguvu zinarudi, maziwa yanashuka. Ndivyo wenzake walivyomwapia. Akalitoa kwenye friza, akalipeleka.

Senga alipojua, alikata simu kwanza, ndipo akapiga tena. Alisema kitu kilichokwisha kupewa jina hakitiwi kwenye mashine. Cissy akamjibu kuwa mtoto wake anakonda, na mgomba wa sebuleni haujamnyonyesha mtu.

Jioni ya kufuata vidonge giza liliingia mapema, kama kawaida ya majira ya baridi. Nora hakumkaribisha ndani. Alipitisha chupa kwenye upenyo wa mlango.

"Nilipokuwa nasaga," alinong'ona, "kitu kililia."

"Mashine zote zinalia."

"Nilikuwa nimeshaizima."

Mlango ukafungwa.

Cissy akasukuma kigari hadi kituo cha basi. Hapakuwa na mtu. Theluji ilianguka bila sauti, na ndani ya mfuko wa koti kitu kikaanza kugonga kioo.

Tik... tik... tik.

Alisimama wima, hatikisiki. Vidonge vikaendelea kugonga.

Halafu ikaja harufu. Majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni, mabichi, yenye mvuke. Huko Spånga, kwenye baridi ya kukata masikio.

"Nalongo."

Cissy akageuka. Jina hilo Waganda humwita mama wa mapacha, na yeye alizaa mmoja. Kwenye benchi alikaa mama mmoja, amejifunika shuka la rangi ya gome la mti. Theluji ilitua usoni pake na haikuyeyuka.

"Nimemfuata Kato," yule mama alisema taratibu. "Nipe wa kwenye chupa. Wa kigarini ubaki naye."

"Wewe ni nani?"

"Ninayewapokea wasiozikwa."

Cissy akachungulia kigarini. Isak alikuwa macho, kimya, midomo ya buluu. Baridi yote ile, na pumzi yake haikutoa moshi.

"Usiponipa," yule mama alinong'ona, "nitawabeba wote. Mapacha hawapendi kuachana."

Hapo ndipo wale wa Alby husema Cissy alikimbia. Waongo. Alikimbia na miguu ipi? Alifungua chupa kwa meno, akajimiminia vidonge kiganjani. Vilikuwa vya moto. Akavitia mdomoni, akachota theluji ya begani, akavisukumia nayo mpaka koo likamuuma.

"Ametoka kwangu, amerudi kwangu," alisema. "Mfuate humu ndani kama unaweza."

Yule mama akamuuliza:

"Utawalisha wote wawili? Umechoka, nnyabo, mama yangu."

"Nimechoka. Sijafa."

Kigarini Isak akakohoa. Akavuta pumzi, akapiga kelele ya mtu aliyeibiwa. Taa za basi zikamulika kituo. Benchi lilikuwa tupu, na theluji juu yake haikuwa imebonyea.

Kabla basi halijafika Husby, maziwa yalikuwa yamelowanisha sweta hadi koti. Isak akanyonya titi la kulia, anagugumia kwa ulafi. La kushoto hakuna aliyeligusa.

Nalo likaanza kuvutwa.

Siku hizi Isak ana mashavu. Kliniki wanampongeza mama, ila nesi aliona kitu kwenye titi la kushoto, akamwita Senga, aliyewasindikiza, akamwonyesha. Alama za meno, ndogo ndogo, zimejipanga mduara. Isak hajaota hata jino moja.

Senga aliporudi nyumbani na Cissy, alitaka kuita mchungaji usiku huo huo. Cissy akamkatalia, akakaa kitini, akamweka Isak kwenye titi la kulia.

"Kato ana pupa, Senga," alisema, akifungua kifungo cha kushoto. "Nitamfundisha."