Jogoo Ametaga

"Jogoo ametaga."

Redio ilipokohoa maneno hayo, Pilipili aliiacha chai yake ikifuka moshi, akarukia Yamaha. Jasusi huyu aliwahi kuruka kutoka kwenye ndege huku mwavuli ameusahau nyumbani. Leo, hata hivyo, hakusahau kitu; alikwenda mbio hadi ofisini.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Maabara imethibitisha. Perege madume wa bwawa la dada yako wana mayai tumboni."

Shangazi alikuwa mkuu wa idara. Alikuwa pia shangazi yake wa damu, kwa hiyo alimkaripia mara mbili: kwa cheo na kwa ukoo.

"Kisa?"

"Tope alilonunua kurutubisha bwawa. Lina kemikali inayojifanya homoni ya kike. Inaingia mwilini kama wewe unavyoingia kwa watu, kwa sare za kuazima. Dume anasahau kazi yake."

Msimu mzima dada alikuwa akichungulia maji asione kifaranga cha samaki hata cha dawa, akajiona ana mkosi.

"Nani alimuuzia tope?"

"Manukato. Taka za kiwanda anaziita mbolea ya bwawa. Sasa hivi lori lake linaelekea kituo cha vifaranga vya samaki. Likimwaga pale, kila mfugaji atabeba ugumba nyumbani kwake. Na ole wako uende mikono mitupu!"

Hakwenda mikono mitupu. Nyuma ya pikipiki lilifungwa dumu la maji. Ndani, perege mmoja wa dada, aliyetoka maabara.

Paa!

Kioo cha pembeni kikapukutika. Gari la wapambe wa Manukato lilikuwa mgongoni. Pilipili akavuta mafuta, Yamaha ikapanda kifusi, ikaruka ukuta wa kituo kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto.

Gari likaubusu ukuta.

Lori lilikuwa limeshageuza makalio bwawani. Kando yake alisimama Manukato, koti jeupe, marashi yakitangulia. Mama Vifaranga, msimamizi wa kituo, alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

"Mama, subiri!" Pilipili alimtoa samaki. "Huyu jike au dume?"

Mama Vifaranga akaminya tumbo. Mayai yakachuruzika. Akamgeuza, akakodoa.

"Matundu mawili; jike huwa na matatu. Ni dume!" Akamgeuza tena. "Dume, na mayai?"

"Kala tope la huyu bwana."

"Uongo!" Manukato akafoka. "Huyo kala lile la mwanzo! Hili tumelipunguza makali!"



Hata dereva wa lori alimtazama kwa huruma.

"Ala!" akasema Mama Vifaranga. "Kumbe lina makali?"

Manukato akachomoa Beretta. Pilipili akamrushia perege. Miiba ya mgongoni ikamwingia kiganjani, bastola ikatumbukia majini. Lakini mkono wa pili ulikuwa umeshavuta wenzo wa lori; tela likaanza kuinuka, tope likateleza.

Pilipili akajirusha. Akausukuma wenzo kwa bega, kwa meno, kwa dua.

Tela likashuka. Kibonge kimoja kilianguka, kikatua juu ya kiatu chake.

"Shangazi, Manukato kafungwa kwa wavu," Pilipili akasema redioni.

"Na jogoo?"

Pilipili akachungulia dumu alimomrudisha. Perege alimkodolea jicho.

"Mzima. Ana mayai na ana hasira."

"Basi mpigie dada yako. Mwambie hana mkosi."

Akampigia papo hapo. Alipomaliza, akakung'uta kiatu nje ya uzio, akanyoosha kola, akaondoka taratibu na dumu lake, akinuka marashi ya mtu mwingine.