Mwimbaji Aliyepotea Kati ya Spika Mbili

Jumapili ile Nevenka alikwenda soko la mitumba la Najlon kutafuta mfuniko wa sufuria, basi, si zaidi. Alikuwa amechoka, uchovu ule usioondoka hata ulale mchana kutwa. Amevaa koti lake la sufu la kijivu, kofia ya rangi ya divai aliyoifuma mwenyewe, na viatu vya kisigino kifupi vilivyokuwa vikimezwa na tope la theluji iliyoyeyuka. Mji mzima wa Novi Sad ulikuwa umemiminika sokoni. Huyu anauza skrubu, yule bata wawili ndani ya kapu, yule wanasesere wasio na macho, na moshi wa soseji umetanda juu ya vichwa vya watu.

Kando ya meza ya vyombo, mwanamume mmoja alikuwa amepiga goti mbele ya masanduku ya santuri. Anaitoa moja, anaipuliza vumbi, anaiinua kwenye mwanga kama daktari anayetazama picha ya mapafu, kisha anairudisha huku akitikisa kichwa. Mrefu, mabega yameinama kidogo, sharubu zenye mvi zimepunguzwa vizuri.

"Bibie, samahani, nishikie hii kidogo," alisema.

Nevenka hakugeuka.

"Bibie! Najua ujana umeniacha, lakini sura yangu si mbaya kiasi cha kutojibiwa!"

Yule bwana akainuka, magoti yakamlia, akazunguka upande wa pili. Hapo ndipo Nevenka alipomwona, akashtuka.

"Kumbe ulikuwa unasema na mimi?"

"Nilikuwa nakubembeleza, mama. Soko zima limenisikia isipokuwa wewe."

"Upande ule kuna kelele," alijibu Nevenka, akaipokea ile santuri.

Haikuwa kelele. Sikio la kushoto la Nevenka lilikuwa limekufa asubuhi moja, miaka miwili nyuma, kama balbu inavyoungua. Na Nevenka alikuwa fundi wa sauti. Tangu usichana wake alikuwa amekaa studio, akirekodi waimbaji na kuzichanganya sauti zao: huyu mvute mbele, yule mrudishe nyuma, kinanda kikae kulia, gitaa kushoto, hadi msikilizaji aliye kwake aone watu wamesimama mbele yake. Kazi hiyo inataka masikio mawili. Kwa hiyo aliacha, akafunga studio, akaacha jina la mume, Stojkov, akarudia la babake, maana mume mwenyewe alikwisha kuondoka zamani.

Lililomkosesha usingizi lilikuwa jambo moja. Albamu yake ya mwisho, ya binti mmoja aitwaye Hermina, aliimaliza wiki chache tu kabla ya sikio kuzimika. Je, alipoichanganya, sikio lilikuwa zima? Au lilikuwa limekwisha kuanza kumdanganya, naye akaharibu kazi ya mtoto wa watu bila kujua? Hakuwa na njia ya kusikiliza mwenyewe akajua. Na wenzake hakutaka kuwauliza, maana wangemhurumia.

Yule bwana wa santuri aliitwa Tihomir. Alikuwa fundi wa lifti, mke alikwishamwacha, na nyumbani alikuwa na spika mbili kubwa kama kabati za nguo. Kahawa ya kwanza waliinywa palepale sokoni, wamesimama. Baadaye ikawa kila siku saa kumi na moja jioni simu inalia.

"Malaika wangu, umekula?"

"Nimekula supu."

"Supu si chakula. Supu ni maji yaliyopata bahati."

"Na wewe umekula nini?"

"Supu."

Nevenka alicheka hadi akashangaa kusikia kicheko chake. Walipotembea ukingoni mwa mto Danube alihakikisha Tihomir yuko upande wake wa kulia, akisingizia upepo. Studio hakuitaja. Alisema tu kwamba alikuwa mwajiriwa, sasa amepumzika.

Ndipo Hermina alipopiga simu.

"Shangazi Neva, tunarekodi albamu nyingine. Sitaki mtu mwingine ila wewe."

"Mwanangu, mimi nimestaafu."

"Sikuulizi umestaafu au la, nakuuliza unakuja au huji. Nijibu kabla mwezi haujaisha."

Nevenka aliwaza siku tatu, akapata wazo. Tihomir ana vyombo bora, ana masikio makali, na hajui kwamba yeye ndiye fundi. Huyo hatamhurumia. Angempelekea ile albamu kama zawadi, amwache aseme. Akiisifu, atarudi kazini. Asipoisifu, basi.

Jumanne alivaa gauni la bluu lenye vifungo vya lulu bandia, akajipaka rangi ya mdomo, akaifuta, akajipaka tena. Tihomir alimfungulia mlango amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye kola, akampa ndara za kuvaa, akamletea kahawa, kijiko cha cheri zilizopikwa kwa sukari na glasi ya maji, kama anavyopokewa mgeni wa heshima. Nyumba ilinukia siki na nta ya sakafu.

"Umefanya usafi," Nevenka alisema.

"Usafi? Nimehamisha kila kitu! Nimefagia hadi nyuma ya spika. Huko nyuma nimekuta sarafu za nchi ambayo haipo tena."

"Nimekuletea hii." Akamkabidhi santuri.

Tihomir aliigeuza, akasoma nyuma ya jalada, kama wafanyavyo watu wa aina yake kabla hata ya kusema asante. "Fundi wa sauti, N. Stojkov. Simjui. Tukae."

Akaishusha sindano taratibu, akakaa, akafumba macho. Nevenka alikaa kando yake, mikono imebana mkoba. Kwa sikio lake moja aliusikia wimbo kama mtu anavyotazama karamu kupitia tundu la ufunguo. Alichokuwa akikitazama ni uso wa Tihomir. Aliiona ile mikunjo ikijikusanya katikati ya nyusi.

"Unaonaje?" aliuliza wimbo ulipoisha.

Tihomir alikohoa. Alitaka sana kuonekana mjuzi mbele ya mwanamke huyu. "Binti anajua kuimba, hilo halina ubishi. Ila hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Yuko kila mahali na hayupo popote. Kama mtu anaimba kwenye ngazi za jengo na wewe umefunga mlango. Huyu Stojkov, sijui, ama alichoka na kazi, ama masikio yake yalikuwa yamekwisha."

Nevenka alinywa maji hadi tone la mwisho.

"Una hakika?"

"Mpenzi, kwa masikio haya? Mimi sikosei."

Aliimaliza kahawa yake, maana aliyelelewa vizuri haachi kahawa ya mwenyeji, akasema kichwa kinamuuma, akavaa koti. Santuri aliiacha palepale inazunguka. Njiani alipita mbele ya maduka asiyoyaona. Alipofika kwake alimpigia Hermina bado hajavua viatu.

"Tafuteni mtu mwingine, mwanangu."

"Shangazi, kwa nini?"

"Kwa sababu nakupenda. Na ile ya kwanza, unisamehe."

"Nikusamehe nini? Shangazi? Haloo?"

Tihomir alipiga saa kumi na moja kama kawaida. Hakupokelewa. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu Nevenka aliinua simu kwa sababu mlio ulikuwa unamchosha kuliko maneno.

"Nimekukosea nini, malaika wangu? Sema nijue."

"Hukunikosea. Ulisema kweli."

"Kweli ipi?"

"Ndiyo hiyohiyo. Nimechoka, Tihomir. Niache nipumzike."

Akakata. Akaviweka vipokea sauti vyake vya masikioni vya siku za studio, vya ngozi nyeusi, ndani ya mfuko wa plastiki, akauweka karibu na mlango ili apewe yeyote atakayevitaka.

Ijumaa asubuhi simu ililia, namba ngeni, sauti nzito ya mwanamume anayetafuna kitu.

"Shemeji, hujambo? Mimi Geza. Rafiki wa yule mpumbavu."

"Mpumbavu gani?"

"Wako. Sisi hukutana kwake Alhamisi, wazee wanne, tunasikiliza santuri na kugombana. Jana katuwekea moja, anasema tusikilize jinsi ilivyoharibika. Mimi nikasikiliza kidogo tu, nikamwambia, Tihomir, wewe bwana, umefunga nini huko nyuma? Akanitukana. Nikaenda nyuma ya spika kwa tumbo hili hili, nikatazama. Shemeji, nimecheka hadi jirani wa chini kagonga bomba!"

"Sikuelewi, kaka."

"Utaelewa. Halafu akaniuliza kama namjua huyo Stojkov. Nikamwambia, asiyemjua Neva wa studio ni nani, yule mama wa kofia ya rangi ya divai? Akakaa chini. Hajala tangu jana. Nakuomba umfungulie mlango, yuko kwenye ngazi zenu."

Kweli, mlango ukagongwa. Tihomir alikuwa akihema, uso mwekundu, santuri imebanwa kwapani. Nevenka alikaa ghorofa ya sita.

"Lifti yenu mbovu," alisema.

"Si wewe fundi?"

"Leo mimi si fundi wa kitu chochote. Nisikilize. Ile siku niliyofagia, nilichomoa nyaya za spika. Nilipozirudisha, upande mmoja niligeuza, chanya nikaweka hasi. Ikawa spika moja inasukuma, nyingine inavuta. Vyote vilivyo katikati vinafutana. Mwimbaji ndiye anayekaa katikati. Nilimfuta mimi, Nevenka. Kosa la mtoto wa shule! Nafunga nyaya za lifti tangu nina nywele nyeusi, na nikakutukana kwa kosa langu."

Nevenka aliegemea ukuta. Alitaka mno kuamini, na ndiyo sababu hakuamini.

"Geza kakwambia mimi ndiye Stojkov, ukapata huruma, ukatunga maneno."

"Naapa! Nyaya nimekwisha kuzirudisha sawa, njoo usikilize mwenyewe!"

"Siwezi kusikiliza mwenyewe!" Sauti ilimpasuka. "Sikio langu la kushoto limekufa. Lilikufa mara tu baada ya albamu hii. Nilitaka uniazime masikio yako uniambie kama nilikuwa tayari nusu mtu. Ukaniambia. Sasa unaniambia vingine. Nikuamini lini?"

Tihomir alikaa kwenye kistuli cha kuvalia viatu, magoti yamekaribia kidevu.

"Ndiyo maana unanitembeza kulia kila siku," alisema hatimaye. "Mimi nilidhani huo ndio upande wangu mzuri."

Nevenka hakutaka kucheka, lakini pembe ya mdomo ilimsaliti. Akachukua koti.

"Twende. Ila nitakuuliza maswali, na mimi sitakusaidia hata kwa jicho."

Walifika kwa Tihomir mchana kweupe, jua la baridi limelala juu ya zulia. Nevenka alisimama nyuma yake, mahali asipoweza kumwona.

"Fumba macho. Nionyeshe kwa kidole kila kilipo."

Sindano ikashuka. Tihomir alinyoosha mkono.

"Fidla huku kushoto, karibu. Tambura, vile vigitaa vyetu, kulia, mbili, moja inatangulia kidogo. Besi katikati, nyuma, imelala chini sakafuni."

"Na Hermina?"

"Yupo mbele ya meza hapa. Nikinyoosha mkono nitashika kifungo cha blauzi yake."

"Mwache na vifungo vyake. Endelea."

"Mzuri sana, Nevenka. Mtu mzima kabisa, amesimama."

"Sikukuomba sifa."

Wimbo ulikwenda. Hizi nafasi angeweza kuzikisia yeyote aliyezoea santuri. Kabla ya ubeti wa mwisho vyombo vyote vilinyamaza, na kichwa cha Tihomir kikainuka.

"Kuna mtu."

"Nani?"

"Sijui. Kuna mtu amevuta pumzi. Si yeye. Ni mwanamume, mzee, yuko hatua mbili nyuma ya binti, kulia." Kidole chake kilisogea, kikasimama. "Hapa. Amevuta pumzi kama mtu anayejizuia kulia."

Nevenka alijifunika mdomo. Huyo alikuwa mzee wa besi, aliyekuwa amemzika kakake wiki ileile. Pumzi yake iliingia kwenye kinasa kwa bahati. Kila fundi angeifuta. Yeye aliiacha, akaisogeza kwa unywele hadi ikakaa pale pale, nyuma kulia, na hakumwambia mtu, hata mzee mwenyewe. Kumbe ilikuwa imekaa. Miaka miwili imekaa pale, inamsubiri mtu wa kuisikia.

Tihomir alifumbua macho, akageuka, akamkuta analia bila sauti, rangi ya mdomo imetapakaa.

"Nimekosea tena?"

"Hapana. Nyamaza. Nipe simu yako, yangu nimeisahau."

Alibonyeza namba aliyoijua kwa moyo, akaiweka simu kwenye sikio la kulia.

"Hermina? Mimi. Nafasi bado ipo? Usipige kelele, mwanangu. Sikiliza, kuna jambo sikukwambia, sikio langu la kushoto halipo. Lakini sitakuja peke yangu. Nina mtu, atakaa kushoto kwangu aniambie." Akasikiliza kidogo, akamgeukia Tihomir. "Anauliza unataka malipo gani."

"Mwambie chakula cha jioni."

"Kwa siku ngapi?"

"Zote tulizobakiwa nazo."

Nevenka aliifunika simu kwa kiganja. Alimtazama yule mwanamume, sharubu zile, shati alilolala nalo, macho mekundu.

"Siku zote ni nyingi, Tihomir. Mimi nimechoka."

"Basi nitapika mimi."

Akakiondoa kiganja kwenye simu. "Haloo, Hermina," alisema. "Tumeelewana."