Mkalimani wa Maneno Matamu

Kipande cha reli kilipogongwa saa kumi na mbili asubuhi, lango la kijiji lilifunguliwa, na Wawira alikuwa wa kwanza kutoka. Hakuna mtoto aliyependa kufika kijitoni wa pili, kwa kuwa wa pili hukuta maji yameshatibuliwa. Alijaza debe lake, akauweka mkanda kichwani, akapanda kilima huku akirudia maneno ya Kiswahili kimoyomoyo: karibuni, samahani, tafadhali. Leo wageni wangefika.

Ilikuwa Aprili ya mwaka 1957, siku za Hali ya Hatari nchini Kenya. Serikali ilikuwa imewahamisha watu wa Embu kutoka maboma yao yaliyotawanyika vilimani, ikawapanga katika vijiji vya nyumba zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka, vilivyozungukwa na handaki. Baba yake Wawira alikuwa kizuizini. Mama alikwenda kila asubuhi kwenye kazi ya lazima ya kuchimba matuta. Wawira alibaki nyumbani na Cucu, yaani nyanya yake, pamoja na mdogo wake Kithaka, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu na maswali mia tatu.

Wawira alikuwa amezaliwa kwenye mashamba ya ngano ya Timau, baba alikokuwa kibarua, akacheza huko na watoto wa makabila mengi. Ndiyo maana, akiwa na miaka kumi na miwili, alijua Kiswahili kuliko mtu yeyote wa mstari wao. Mchungaji Kivuti, ambaye alikuwa na makanisa matano ya kuzungukia kwa baiskeli, alimwambia, "Wawira, wewe utakuwa mdomo wetu na masikio yetu." Wawira alitembea siku nzima shingo ikiwa imenyooka.

Wageni walikuwa wanafunzi wanne kutoka Tanganyika, waliokuja kulitumikia Kanisa kwa majuma matatu ya likizo yao. Vibali vyao viliwachukua miezi minne kuvipata. Kiongozi wao, Anaeli, alikuwa kijana mrefu aliyesomea ualimu na aliyecheka kwa urahisi. Eliwaza alisomea uuguzi. Walileta majembe, sepetu na kamba ya kupimia.

Siku ya pili watu wa mstari wa kina Wawira walikutana nje ya kanisa. Anaeli alieleza kwamba vyoo vidogo vya zamani vilikuwa vimedidimia kwa mvua, na sasa watu walikuwa wakienda vichakani kando ya handaki. "Tutawachimbia choo kimoja kikubwa, chenye milango minne, hapa katikati," alisema. Wawira akatafsiri.

Cucu alisimama polepole. Alisema kwa Kiembu, "Mwambie huyu mwana wa watu kwamba tunamshukuru. Lakini mimi na mkwe wangu Mbogo tunakaa mstari mmoja kwa sababu serikali imetuweka, si kwa kupenda. Mama hawezi kujisaidia mahali anapojisaidia mkwe wake. Hiyo ndiyo nthoni, heshima yetu. Aweke viwili, kimoja huku juu, kingine kule chini."

Watu wote waliitikia kwa kichwa. Mbogo mwenyewe alikuwa amekaa mbali, amempa mama mkwe wake mgongo, kama adabu ilivyotaka.

Wawira alimtazama Anaeli, ambaye alikuwa akitabasamu, akingoja. Aliona haya. Je, wageni hawa waliosoma wangewacheka? Je, wangekasirika, baada ya kutoka mbali hivyo?

"Anasema asante sana," Wawira alisema. "Anasema Mungu awabariki."

"Maneno marefu kwa shukrani fupi!" Anaeli alicheka. "Mwambie tumefurahi."

Wawira alimgeukia Cucu. "Anasema amesikia."

Basi wanafunzi wakachimba. Walichimba kwenye mvua na kwenye jua, viganja vyao vikatoka malengelenge, nao wakaimba nyimbo za dini kwa sauti nne. Choo kilipokamilika kilikuwa na kuta za udongo laini na paa nadhifu la nyasi. Kilisimama katikati kabisa, kimoja tu.

Cucu alikitazama, akafunga midomo. "Wamesikia, na bado wamefanya hivi," alisema. Tangu siku hiyo hakuna aliyewapelekea wageni viazi vitamu wala uji. Mtu akipishana nao njiani, alisalimia kwa adabu na kwenda zake.

Wanafunzi walishangaa. "Tumewakosea nini?" Eliwaza alimwuliza Wawira.

"Hakuna kitu, Dada. Watu wako na kazi nyingi."

Siku nne baadaye Anaeli alikagua choo, akatoka akiwa na furaha kubwa. "Watu wa hapa ni wasafi ajabu! Siku nne, na hata inzi hayupo!"

Wawira hakujua acheke au alie. Uongo wake wa kwanza ulikuwa mdogo, lakini sasa ulikuwa umezaa, na watoto wake walikuwa wakitembea kijiji kizima.

Mvua kubwa ilinyesha Jumapili. Ilisomba uchafu wote wa vichakani, ukaingia kijitoni. Jumanne asubuhi Kithaka hakuuliza swali hata moja. Alikuwa akihara damu, na macho yake yalikuwa yamezama. Mama alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Anaeli alimbeba mtoto mgongoni, Eliwaza akaonyesha vibali langoni, nao pamoja na Cucu na Wawira wakaharakisha hadi zahanati iliyokuwa ng'ambo ya vilima viwili.

Dresa, yaani mhudumu wa zahanati, alimpima Kithaka, akatikisa kichwa. "Huyu ni mtoto wa tatu kutoka mstari wenu. Nitampa dawa, lakini mkirudi kunywa maji hayo machafu, ninyi wenyewe mtaniletea wengine. Choo hamna?"

Eliwaza alipiga magoti kando ya mkeka, akamnywesha Kithaka maji yaliyochemshwa, kijiko kimoja baada ya kingine. Kisha alimgeukia Cucu kwa upole. "Mama, choo kipo. Kumbe hakina inzi kwa sababu hamkitumii. Kwa nini? Wawira, hebu mwulize."

Wawira alifungua kinywa. Maneno matamu yalikuwa tayari ulimini, kama kawaida yao. Halafu akaona mkono wa Kithaka, mdogo na mkavu, umeshika kidole cha Eliwaza.

"Sina haja ya kumwuliza," alisema, na machozi yakamtoka. "Mimi najua. Cucu alisema tangu siku ile ya kwanza. Hawawezi kuingia hiyo choo, yeye na mkwe wake. Alitaka mbili. Mimi ndiye nilidanganya. Niliogopa mtatucheka." Akamgeukia Cucu, akayarudia yote kwa Kiembu, hata pale palipomwuma zaidi: "Cucu, hawakuwahi kusikia maneno yako. Nilisema umeshukuru tu."

Cucu aliwatazama wageni mmoja mmoja. Mwishowe aliuliza, "Kwa hiyo hawakutudharau?"

"Hapana, Cucu."

Wawira alipotafsiri hayo, Anaeli aliketi sakafuni, mikono kichwani. "Nasi tulidhani mmetuchoka," alisema. "Lakini kosa si la Wawira peke yake. Tulipima mstari wenu kwa kamba kutoka mwanzo hadi mwisho, wala hatukuuliza ni nani anaishi ndani yake. Mama, tusamehe. Zimebaki siku tano."

Siku tano hizo zilikuwa na kazi! Mbogo aliwakusanya wanaume waliotoka kwenye kazi ya lazima mchana, wakashika majembe pamoja na wanafunzi. Walichimba choo kimoja huku juu kwa ajili ya wazee wa kike na jamaa zao, kingine kule chini kwa ajili ya wakwe. Kile cha katikati wakawapa watoto, ambao hawakuwa na mkwe wa kumwogopa. Mbogo na Cucu walipatana kuhusu kila jambo bila kutazamana, Mbogo akiongea na mti na Cucu akiongea na ukuta, huku Wawira akikimbia katikati yao na kufikisha kila neno. Eliwaza aliwafundisha akina mama kuchemsha maji ya kunywa. Viazi vitamu vikarudi, tena vya moto.

Na Kithaka? Siku ya tatu alifumbua macho pale zahanati, akauliza kwa nini kijiko kina shingo. Mama aliangua kilio cha furaha.

Asubuhi ya kuondoka, lori la Kanisa lilisimama nje ya lango. Cucu alimshika Anaeli mikono yote miwili, akasema kwa muda mrefu. Wawira alitafsiri: "Anasema mmekuwa watoto wake. Anasema mlimbeba mjukuu wake, na Mungu awabebe ninyi hadi kwenu." Kisha akasita.

"Endelea," alisema Cucu. "Sijamaliza, nawe umesikia."

Wawira alimtazama Anaeli machoni. "Anasema pia kwamba unashika jembe kama mtu anayekoroga uji, na mama yako angeona angeficha uso."

Anaeli alicheka mpaka akashikilia mlango wa lori. "Mwambie ahsante! Sasa ninajua kwamba hata zile baraka ni za kweli."

Lori liliondoka likipiga honi. Cucu alimtaka Wawira amwambie kijana alikuwa amejibu nini, naye akamwambia neno kwa neno. Cucu akaweka mkono begani mwa mjukuu wake.

"Umesikia, mwanangu? Ukitumwa na kibuyu cha maziwa, fikisha maziwa yenyewe. Kama yamechacha, yafikishe yakiwa yamechacha, na mwenyewe atajua la kufanya. Ukimwaga ya watu na kutia maji yako matamu njiani, mtoto atalala na njaa, wala hakuna atakayejua kwa nini."

"Nimesikia, Cucu," alisema Wawira.

Akachukua debe lake, akamshika Kithaka mkono, nao wakashuka kijitoni, Kithaka akiuliza maswali njia nzima na Wawira akimjibu kila moja kwa ukweli.