Kinusamji na Karibu ya Bi Kazija

Kinusamji kiliingia kichochoro cha Kiponda saa tatu asubuhi, kikitembea kwa miguu sita kando ya ukuta, kimo chake si zaidi ya paka. Kila mlango kiliopita kilisimama kikavuta hewa kwa tundu zake arubaini. Kilitenga harufu ya chokaa na harufu ya rangi ya dukani, udi uliofukizwa jana na marashi ya kupulizwa, mchuzi wa watu wenye njaa na mchuzi wa kupigwa picha. Kisha kilisikiliza: nani anasemezana na nani, kwa lafudhi gani, na kama kicheko kinatoka tumboni au kimefundishwa hotelini.

Yote hayo kiliyageuza kuwa tarakimu moja, kipimo cha uasilia, kutoka sifuri hadi mia. Mtu wa mbali aliyetaka kuja likizo Unguja hakuangalia tena picha za vitanda na mabwawa ya kuogelea. Aliiambia saa yake ya mkononi imtafutie pa kulala panapofanana na mji wenyewe, na vinusamji mia mbili vikaanza kumchagulia. Watu walikuwa wamechoshwa na hoteli zinazofanana kila bara, na aliyechoshwa na uongo hana kosa. Kosa ni letu sisi, tuliodhani ukweli unaweza kukodishwa na ukabaki ukweli.

Aliyekiunda ni Mhandisi Zuwena Makame, mzaliwa wa kichochoro hichohicho. Shirika la Makao Asilia lilimwajiri kwa sababu hiyo, maana wageni hawajui kutofautisha udi wa harusi na udi wa msibani. Ubavuni mwa kila kinusamji liliandika: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Namna gani mwenyeji angepona, halikuandika.

Kazi iliyompa Zuwena jina haikuwa pua ya mashine bali sikio lake. Zamani wazee walibonyeza kidole gumba kwenye vioo vya mikataba ya kukodisha nyumba zao, wasivyoweza kuvisoma, wakajikuta wamehamishwa. Zuwena aliliona hilo likamuuma. Akabuni ridhaa ya mdomo: asiandikiwe mtu jambo, aulizwe kwa Kiswahili, na kauli yake iwe ndiyo mkataba. Mabaraza ya miji saba yaliipitisha. Ukumbini alisema kwamba kwao neno la mtu mzima ndilo saini yake, na watu wakasimama kumpigia makofi. Alikuwa mkweli, na ndiyo maana inauma.

Asubuhi ile kinusamji kilipiga hodi kwa Bi Kazija, mama yake Zuwena, mjane wa miaka sabini na sita. Alikuwa uani anapepeta mchele. Kwake yeye mwenye kupiga hodi hujibiwa, awe na miguu miwili au sita. Kikamsalimu, kikamuuliza kama wageni wakija katika nyumba hii atawapokea.

"Karibuni," akasema Bi Kazija. "Nyumba ni yenu. Mie hapa mpitaji tu."

Hakuna mtoto wa Unguja asiyejua maana ya maneno hayo. Ukimwambia mtu nyumba ni yake, humaanishi aibebe. Na sote duniani wapitaji, tena tunalisema hilo hasa pale tunapokaa miaka hamsini bila kuhama. Kinusamji kiliyapokea kama yalivyo katika kamusi. Mwenyeji ametoa nyumba. Mwenyeji ameeleza kwamba yeye si mkaazi wa kudumu. Kikawasha taa ya kijani, kikamshukuru, kikaondoka.

Kesho yake wabebaji, mashine za mikono minne, walikuja kumpakia. Bi Kazija alidhani anawapisha wageni wapate nafasi, kama walivyopishana watu wa mji ule tangu enzi na enzi. Alichukua kanga tatu na msahafu, akauliza wageni wanakaa siku ngapi. Wabebaji hawakuundwa kujibu maswali. Wakampandisha ghorofa ya kumi na moja huko Tunguu, nje ya mji, katika chumba kinachowasha taa chenyewe.

Zuwena alikuwa ng'ambo kwenye mkutano alipoona orodha mpya: nyumba ya Kiponda, uasilia tisini na saba, ya kwanza mji mzima. Alifurahi. Alicheka peke yake, akawaonyesha wenzake mlango aliozaliwa ndani yake. Mstari wa chini aliusoma baadaye: Mwenyeji ameridhia kuhama.

Alirudi kwa chombo cha kwanza. Mwanasheria wa shirika, mtu mpole, akamkumbusha kanuni alizoziandika mwenyewe. Kauli hutenguliwa ndani ya siku kumi na nne, kwa kinywa kilekile, mlangoni pale pale, mbele ya wageni waliomo. Mwenye nyumba aseme: Hapa si kwenu, tokeni. Lakini akikaribishwa aingie, naye akakataa, shauri limefungwa. Zuwena aliweka masharti hayo ili wajanja wasije kuwasemea wazee wao. Sasa alitamani kumsemea mmoja.

Siku ya kumi na tatu walikuwa bado wanafanya mazoezi kwenye lifti ya Tunguu. Bi Kazija alianza, "Wanangu, samahani sana, tafadhali..." Zuwena akamkatiza, akamweleza kwamba mashine itaihesabu samahani kuwa udhaifu wa nia.

"Kwa hiyo niwe mshenzi ndipo nirudi kwangu," akasema mama yake.

"Mara moja tu, Mama. Maneno manne."

"Na wewe ndiye uliyeyaandika?"

Zuwena akasema ndiye. Bi Kazija aliyarudia maneno manne mpaka chini, na kila aliporudia alifuta midomo kwa ncha ya mtandio.

Walifika Kiponda saa saba mchana. Kinusamji kilikuwa kizingitini, taa yake ya kijani imewaka, kikiwasubiri. Mlango ulikuwa wazi. Uani, juu ya mkeka, wageni wawili walikaa kitako mbele ya sinia la pilau: Bwana Anders, mzee mwenye shingo iliyoungua jua, na mkewe. Walikula kwa mkono, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayejifunza kuandika. Walikuwa watu wema. Ingekuwa rahisi zaidi kama wasingekuwa.

Mzee akamwona mwanamke mtu mzima mlangoni, akainuka nusu, uso umejaa furaha ya kupata nafasi ya kutumia somo lake.

"Karibu, mama," akasema. "Karibu tule."

Zuwena aliubana mkono wa mama yake. Bi Kazija alifungua kinywa. Aliwatazama, akautazama mkono wa yule mwanamke umeganda hewani na punje za wali vidoleni, akavuta pumzi.

"Starehe," akasema.

Ndivyo asemavyo muungwana akikuta watu wanakula: kaeni kwa raha zenu, mimi sina haja. Lilimtoka lenyewe, kama lilivyomtoka maisha yake yote.

Taa ikawa nyekundu. "Mwenyeji amekaribishwa, amekataa," kinusamji kikasema kwa sauti ya adabu. "Shauri limefungwa."

Bwana Anders alitabasamu, hajui lililotokea, akakaa tena kula. Zuwena alitaka kumkasirikia mama yake, akashindwa. Alitaka kukikasirikia kinusamji, nacho kilikuwa kimetii tu. Alibakiwa na mtu mmoja wa kumkasirikia, na mtu huyo alikuwa amesimama ndani ya viatu vyake.

"Mama, sema," akanong'ona, ingawa alijua haifai kitu tena. "Kwa nini hukusema?"

"Wanakula, Zuwena," akasema Bi Kazija, ameshageuka kuelekea njiani. "Mtu hafukuzwi ana tonge mkononi."

Nyuma yao kinusamji kilivuta hewa, kikapima adabu iliyosikika mlangoni, na kuipandisha nyumba kutoka tisini na saba hadi tisini na tisa.